Koti Linalongoja Kitini

Kangemi, Nairobi
20 Februari 1977

Kwa shemeji yangu Muthama,

Salamu kutoka kwa mwanamume ambaye ukimwona leo utafikiri ni balozi wa nchi fulani yenye mafuta. Nimetoka kanisani, nimekunywa chai ya maziwa matupu, na Namalwa mke wangu amenipa kiti cha nje ili majirani wanione nikiandika. Kangemi nzima wanajua kwamba Zedekiah akishika kalamu, kuna jambo la kimataifa.

Nyumbani kwako wote wazima. Dada yangu Nanjala, mkeo, mzima, ila amekuwa mkali kidogo kwa sababu mvua ya juzi iliingia jikoni. Mtoto wako Mutiso ameng'oka jino la mbele, na amelitupa juu ya paa mwenyewe bila kulia. Mama yako Munyiva alifika kutoka Machakos na gunia la mbaazi, akakuta hupo, akasema, "Hiyo Arusha ni kazi au ni ndoa?" Mimi si mtu wa kuchochea.

Lakini kweli, bwana, wewe una bahati iliyozidi. Ulikwenda Arusha wiki moja tu kwa mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na begi moja, mkajadili nani achukue nini wakigawana idara ya ndege. Mara mpaka ukafungwa nyuma yako. Sasa unakaa kule, mlima unauona kutoka dirishani, unalala kitanda cha hoteli, unaletewa mayai. Mimi nilivyozunguka dunia, Kampala nimefika, Kisumu nimefika kwa ndege kabisa (nilimbebea rubani mkoba, akanionea huruma), sijawahi kulipwa mshahara kwa kunaswa. Wewe hata kukwama unakwama kwa cheo.

Sasa habari ya ofisini. Chumba chako cha leseni za marubani kimepata mgeni. Gerishon, yule wa ghorofa ya juu mwenye gari, Pijo nyeupe, na meno mengi, ameambiwa akaimu nafasi yako mpaka urudi. Alipoingia alikuta koti lako kwenye kiti, lile la kijivu uliloliacha ukisema Arusha kuna joto. Unajua desturi ya ofisi zetu: koti likiwa kitini, mwenyewe yupo, hata akiwa amekwenda kuzikwa. Akasimama akilitazama. Akaniita.

"Tarishi, toa hili."

Nikamwambia, "Mzee, mimi ni tarishi wa barua. Koti la mtu sina stempu yake."

Basi akavuta kiti cha wageni, kile kinachoyumba mguu, na mpaka leo anakalia hicho. Mimi kila asubuhi nalipangusa koti lako vumbi kwa kitambaa cha chai. Nalipangusa pole pole, maana ni kitambaa kizuri. Ni cha fundi yule yule wa River Road, sivyo? Yule uliyesema mwaka wa mahari ya Nanjala kwamba bado anashona koti la mkwe, lile analovikwa baba wa bibi harusi. Baba alikuwa amefariki, nikakaa mimi kwenye kiti chake, blanketi la mama likaja, ng'ombe wakaja, koti likawa "linashonwa." Naona fundi alimaliza. Ila alikosea kipimo, likakutosha wewe.

Natania. Sina neno.

Gerishon pia ni mtu mwema kwa wengine. Jumanne alimpa Nanjala lifti kutoka mjini mpaka mlangoni.

Ni mimi shemeji yako wa kutegemewa,
Zedekiah


Arusha
14 Machi 1977

Shemeji Zedekiah,

Nakusalimu, na mama Namalwa pia. Barua yako ilifika jana, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi ya unga. Aliyeisoma njiani sasa anajua kuhusu koti.

Mimi ni mzima. Asante kwa habari za Mutiso. Mwambie Nanjala atafute fundi wa paa. Mbaazi za mama zisiliwe zote.

Nikuelezee kwa kifupi, kwa sababu karatasi ni chache. Tulikuja wengi. Wengine wameondoka mmoja mmoja, kila mtu kwa njia yake. Mimi nilipewa amri ya maandishi na mkubwa wa idara: nibaki nikilinda mitambo ya redio ya ndege na majalada ya leseni mpaka yagawanywe, na nisiondoke mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. Nikiondoka bila ruhusa nitahesabiwa mtoro, na malipo yangu ya uzeeni yatapotea. Shida ni moja. Yeye mwenyewe ameshaondoka. Alipanda ndege asubuhi moja na hakuniaga. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa mlango wangu hayupo, na mlango haujafunguka.

Kuhusu mayai na hoteli, sina la kusema.

Kuhusu koti, liache hapo. Usilitoe. Nakuomba kama mkwe.

Kuhusu ile Pijo: ilikuwa saa ngapi? Kulikuwa na mtu mwingine ndani? Nanjala ananiandikia kila mara na hajaitaja. Wewe ndiye uliyeitaja. Basi kwa kuwa umeanza, maliza.

Muthama


Kangemi
24 Aprili 1977

Shemeji,

Nilicheka mpaka Namalwa akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa. "Ilikuwa saa ngapi"! Wewe mwanamume wa leseni, unataka mpaka Pijo itoe cheti cha kuruka!

Salamu kwanza. Sisi wazima. Pasaka tulichinja jogoo wawili, mmoja wangu na mmoja wa jirani aliyekosea mlango. Mutiso ameota jino jipya, kubwa kama la Gerishon. Nanjala amenenepa, au ni gauni. Fundi wa paa nilikuwa mimi mwenyewe, na sasa linavuja mahali pengine, pazuri zaidi.

Haya, nimalize ya Pijo. Gerishon amefika nyumbani kwako mara nyingine tena, na tena. Usiruke! Mara ya mwisho alikuja na mkewe na futi ya fundi nguo. Walipima madirisha. Mkewe alimwuliza Nanjala kama pazia za rangi ya maziwa zinapendeza na mwanga wa jioni. Nanjala akamjibu, "Zinapendeza kwa wanaokaa hapa." Kwa hiyo lala usingizi, bwana. Anachokitamani si dada yangu. Ni nyumba ya idara, na kiti. Nimekuacha uchemke wiki mbili tatu kwa sababu nilitaka nawe ujue ladha yake. Mimi nachemka tangu mwaka wa mahari.

Sasa sikiliza jambo kubwa. Amekuja mwanasheria kutoka serikalini, anaitwa Haron, mfupi, sauti kama ya redio. Alitukusanya koridoni akatusomea jinsi mambo yatakavyokuwa. Idara ya ndege ya Jumuiya inakoma, ya Kenya inaanza. Nimeelewa kila neno, na wenye digrii waliokuwa nyuma yangu wakaniomba niwatafsirie kwa maneno yetu ya nyumbani. Nikawaambia hivi:

Ni kama mzee amekufa na ndugu yake amerithi boma. Watoto waliozaliwa na marehemu ni halali, hawazaliwi upya: hizo ndizo leseni za marubani, zitahesabiwa zimetolewa na Idara mpya mpaka muda wake uishe. Kesi aliyoiacha marehemu kwa chifu, mrithi ataiendeleza pale ilipofikia, haanzi na salamu. Na mbuzi aliyefungwa kamba na marehemu, hata kama fundo limekazwa vipi, wa kumfungua ni mrithi.

Koridoni walipiga makofi. Haron mwenyewe alicheka akasema, "Huyu tarishi angekuwa bungeni." Nikamwambia nafasi yangu nimewaachia wengine.

Halafu akasoma kuhusu watu. Kila mtumishi wa kudumu anavushwa na sheria bila kuandika ombi, mradi aonekane kazini Idara mpya watakapopita kukagua, Ijumaa ya mwisho ya Julai. Umesikia, Muthama? Unavushwa! Uko Arusha unatazama mlima, na sheria imekuinamia, imekubeba mgongoni kama mtoto mchanga, inakuvusha mto bila kulowa unyayo.

Nikauliza, "Na vibarua?"

Haron akapekua mbele, akapekua nyuma. "Vibarua hawakutajwa."

Miaka kumi na moja, shemeji. Nimebeba barua za marubani, wakurugenzi, Wazungu, Wahindi, mpaka ya mtu aliyetaka leseni ya kurusha tiara. Nipo, nimesimama koridoni, kitambaa cha chai mkononi, na sheria imenipita ikaenda kutafuta mtu asiyekuwepo. Wewe ni mtoto wa marehemu. Mimi ni mtu aliyekuja matangani: nikishakula ugali niseme poleni, nichukue kofia.

Nakupenda, lakini siku hiyo nilikuchukia mpaka kituo cha basi, na kituo ni mbali.

Gerishon aliniona. Akaninunulia soda. Yale aliyoyasema tutazungumza siku nyingine, ni mambo ya watu wazima. Koti lako liko salama. Lina vumbi sana siku hizi, huenda nikalileta nyumbani Namalwa alipige pasi.

Zedekiah


Arusha
19 Mei 1977

Shemeji Zedekiah,

Natumai mvua imewaacha salama. Asante kwa paa, hata kama linavuja pazuri.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umenifungua macho, na huenda hujui kwa nini. Mimi nimekaa hapa na hiyo amri ya mkubwa nikiitazama kama jiwe, nikisema aliyeitoa hayupo, basi hakuna wa kuitengua. Wewe umesema: fundo la marehemu hufunguliwa na mrithi. Ni kweli kabisa. Kama amri zake zote zinahesabiwa ni amri za Idara mpya, basi Idara mpya inaweza kuniruhusu niondoke. Nimeandika ombi, limo ndani ya bahasha hii. Ni ukurasa mmoja. Mpelekee Haron mkononi. Usilipitishe kwa Gerishon. Ni sahihi moja tu, na kwa karatasi hiyo nitavuka mpaka wa Namanga kwa miguu.

Ninakuomba pia usipeleke koti kupigwa pasi. Vumbi halijaua mtu.

Na hiyo soda ilikuwa ya nini? Wewe hujawahi kuficha jambo kwa ajili ya utu uzima.

Ya vibarua, nimesikia. Imeniuma.

Muthama


Arusha
3 Julai 1977

Shemeji,

Salamu kwenu wote. Nimengoja. Posta hapa wananijua sasa, nikiingia wanatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Nanjala ameniandikia. Habari za nyumbani ni njema, nashukuru. Mwisho wa barua ameandika hivi, nakunakilia: "Kaka Zedekiah Jumapili alisoma somo kanisani Kangemi. Alipendeza sana. Alikuwa na koti la kijivu linalofanana na lako, nikamwuliza amelipata wapi, akasema ni zawadi ya kazi. Ofisini pia kuna habari njema, Gerishon anasema atamwandikisha awe wa kudumu."

Basi sasa nimejua soda ilikuwa ya nini: koti litoke kitini, nawe uwe wa kudumu.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikaa nikafikiri, na nina nafasi nyingi ya kufikiri, kwa hiyo nikuambie nilichokuwa nimekataa kukuambia. Hakuna hoteli. Wiki ya pili walitutoa. Nalala ndani ya ofisi, kwenye meza ya mikutano, na najifunika pazia la ukumbi. Umeme wamekata. Kuna mama mmoja jirani ananiuzia uji kwa mkopo, na ni mzee kuliko mama yangu, kwa hiyo mwambie Munyiva hakuna ndoa. Mlima ni kweli unaonekana. Asubuhi unaleta baridi chini ya mlango, na mimi koti langu liko Nairobi. Ulikuwa unanionea wivu wa kitu gani, Zedekiah? Na mimi huku nilikuwa nakuonea wewe. Unakula kwa Namalwa. Unamwona mwanangu akiota meno.

Sasa la koti. Siku ya mahari nilikuwa na kitambaa cha koti moja tu. Nilikuwa nimeitwa usaili wa kazi hii wiki ile ile. Nikajishonea mimi, nikakuambia fundi bado. Nikapata kazi. Kila mwaka nilisema mwaka ujao, halafu aibu ikaota mizizi, nikaanza kukuongelesha kama tarishi ili nisikuongeleshe kama mkwe.

Sikuamrishi. Kiti cha kudumu ni kiti cha kudumu, na una watoto. Ukiamua ya Gerishon, sitamwambia Nanjala kamwe. Lakini ukilirudisha koti kitini, na ombi langu likamfikia Haron, siku nitakayoingia ofisini nitalitoa kitini kwa mkono wangu, nilete Kangemi, na nikuvike mbele ya dada yako na mama yako, kama mkwe anavyovikwa. Halitakuwa deni tena.

Nimempa barua hii rubani anayepitia Entebbe. Itafika haraka au haitafika.

Muthama


Karen, Nairobi
6 Agosti 1977

Kwa shemeji yangu Muthama, mtoto halali wa marehemu,

Salamu kutoka kwa mtu mkubwa zaidi ya yule aliyekuandikia mara ya kwanza. Anwani umeiona? Karen! Naandika nikiwa nimekaa kwenye nyasi ambazo zinakatwa kwa mashine. Mimi sasa ni mkuu wa farasi kwa mama mmoja wa Kizungu. Farasi ni wawili, na mmoja ananiheshimu. Jumapili narudi Kangemi, nanukia tajiri.

Namalwa mzima. Nanjala mzima, analia, lakini kile kilio cha kufua mashuka na kupanga kitanda upya. Mama yako Munyiva amefika tena na mbaazi, na safari hii amesema hatoki. Mutiso anauliza kama utamletea tembo.

Karatasi yako imo ndani ya bahasha hii. Sahihi ni ya Haron kwa niaba ya Mkurugenzi, na muhuri ni wa Idara mpya, wino bado mbichi. Umefunguliwa, bwana. Mama wa uji mlipe kwanza, halafu ukimbie.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa sababu wengine watakuelezea vibaya.

Barua yako ya rubani ilifika Jumatano. Nilisoma nikiwa nje kwa mlango, Namalwa akaniuliza mbona napangusa macho, nikasema moshi. Alhamisi sikulala vizuri, si neno. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kukagua. Gerishon alikuwa amefika mapema, amekaa kwenye kiti chako, kile chenyewe, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha. Ameweka tai. Pale mezani ameweka karatasi yenye jina langu ili Haron akipita aitie sahihi, niwe wa kudumu. Haki ya Mungu, jina langu lilikuwa limepigwa taipu. Zedekiah, kwa herufi kubwa zote. Sijawahi kuona jina langu limevaa vizuri hivyo.

Nikaingia nimevaa koti.

Gerishon akatabasamu kwa meno yote. "Mkubwa! Leo umependeza."

Nikamwambia, "Mzee, simama kidogo, nikupanguse kiti. Haron yuko ngazini."

Akasimama. Mtu mwenye tai mpya hapendi vumbi. Nikapangusa kwa kitambaa cha chai, nikavua koti, nikalitundika kitini, mabega nikayanyoosha vizuri, nikafunga kifungo cha juu ili lisiteleze. Nikakiegemea.

"Unafanya nini?" akaniuliza. Sauti ilikuwa ya chini sana.

"Mwenye kiti amerudi."

"Tuliongea, Zedekiah."

"Tuliongea. Soda ilikuwa baridi, asante."

Alinyoosha mkono alitoe, na hapo hapo Haron akaingia na watu wa Idara mpya, kalamu mkononi. Mkono wa Gerishon ukabaki juu ya bega la koti, kama mtu anayemfariji mfiwa. Hakuthubutu. Mbele ya wakubwa, nani atashika koti la mwenzake?

Haron akasoma jina mlangoni, akatazama kiti. "Muthama. Yuko wapi?"

Gerishon akaanza, "Huyu aliitoroka kazi tangu..."

Mimi nikadakia. Unajua mdomo wangu hauna breki. "Mheshimiwa, hajatoroka. Alifungwa kamba na marehemu kule Arusha, na marehemu akafa na fundo mkononi. Anangoja mrithi. Na mrithi ndio nyinyi." Nikamwekea ombi lako mkononi. Lilikuwa limekunjika kidogo, lilikaa mfukoni mwa ndani tangu Juni. Usiulize mfuko wa ndani wa nini.

Wale wa nyuma walicheka, lakini Haron hakucheka. Alisoma mpaka mwisho, akasimama akifikiri, akasema, "Kwa sheria, amri hii sasa ni yetu. Basi tunaitengua." Akaandika jina lako: yupo kazini, safari rasmi. Akaagiza karatasi ya kukuruhusu. Wiki nzima nilikwenda kuidai kila asubuhi, kwa miguu yangu, maana siku ile ile kazi yangu ilikwisha.

Ndiyo. Haron aliiona ile karatasi yenye jina langu mezani, akamtazama Gerishon. Gerishon akaichukua mwenyewe, akaipasua vipande viwili, polepole. Akavitia mfukoni. Haron akaniambia kwa upole kwamba vibarua bado hawajatajwa. Nikamwambia, "Hata mimi bado sijawataja." Nikachukua kitambaa changu cha chai, hicho ni changu, nilikinunua mimi.

Nilishuka ngazi nikiwa na shati tu, na Julai ya Nairobi unaijua. Nikatembea mpaka River Road, nikapita kwa yule fundi wako. Bado yupo, kipofu wa jicho moja sasa. Nikamwuliza kama koti la mkwe wa Muthama limekwisha. Akauliza Muthama gani. Tukacheka wote wawili, yeye hakujua kwa nini.

Sitaki unibebe, shemeji. Najua ukifika utaanza kuuliza huku na huku jinsi ya kuniingiza. Ukiniingiza kwa mgongo wako nitakuchukia mpaka kituo cha basi kila jioni, na nimechoka kutembea nikichukia. Farasi hawa wananitosha kwa sasa. Huyu asiyeniheshimu anafanana na Gerishon, nampiga brashi namwimbia nyimbo za kanisa, atakuja tu.

Ila kuvikwa nataka. Hiyo siachi. Njoo Jumamosi, si siku nyingine, ili majirani wawepo. Mama nimeshamwambia. Nanjala ataimba. Usilete kingine, usiseme fundi amekosea, usinunue jipya la dukani ukidhani utanifurahisha. Nataka lile lile la kijivu lililokaa kitini, ulitoe kwa mkono wako.

Liko pale, linakungoja. Gerishon amerudi kwenye kile kiti kinachoyumba mguu, na wanasema kila akiinuka analitazama. Namjua mtu anayetazama koti namna ile.

Na ukilishika ukaona limepanuka mabegani, usiulize.

Ni mimi mkwe wako,
Zedekiah